GITAA LAKO SI KIMEO, HUJALITUNZA TU!

Nyuzi zenye kutu, jeki inayokwaruza, ampu inayonguruma kama lori la mchanga... Kabla hujakiuza chombo chako kwa bei ya kutupa, pita hapa kwanza.

Wale wa mitindo ya nywele na wale wa mambo ya mapenzi naomba leo mniwie radhi. Zamu hii ni ya washkaji wenye magitaa, na najua mko wengi: wa bendi za mtaani, wa kwaya, wa kupiga kwenye harusi za Jumamosi, na wale mnaopiga chumbani mlango ukiwa umefungwa ili dada mkubwa asilalamike.

Mimi si fundi wa cheti. Ni mpiga ridhim niliyekaa na vyombo vya kila aina, vya kukodi, vya kuazima na vya mtumba, na nimeona jambo moja likijirudia kila siku. Kijana anasema gitaa lake limekufa. Analiuza kwa bei ya kutupa, anakwenda kukopa hela ya jingine, na baada ya miezi sita hilo jipya nalo "limekufa". Ukilichukua lile la kwanza ukalikagua, unakuta limekosa vitu vitatu tu: nyuzi mpya, penseli na kitambaa. Ndiyo, penseli. Usicheke, tutafika.

Na hili si la urembo. Bendi changa ikiitwa kwenye sherehe, sauti ikakatika katikati ya wimbo wa maharusi kuingia, hakuna atakayesikiliza habari za jeki. Watasema "wale watoto hawajui muziki", mshiko unakatwa nusu, na simu ya kuwaita tena hailii. Chombo kibovu kinakula jina lako.

NYUZI ZINA UMRI

Sisi watu wa pwani tuna adui wawili: jasho na hewa yenye chumvi. Pale Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, uzi wa chuma ukiachwa na jasho usiku kucha unaanza kubadilika rangi. Ukishapata kutu hautoi tena ile sauti ya kung'aa, unakuwa kama unapiga ukiwa umefunikwa blanketi. Kibaya zaidi hauendi tena kwenye tyuni sawasawa, kwa sababu umeliwa upande mmoja na mwingine haukuguswa.

Dawa ni rahisi. Ukimaliza kupiga, chukua kitambaa kikavu cha pamba, fulana kuukuu inatosha, pitisha juu ya nyuzi na chini yake, kila uzi peke yake. Nusu dakika tu. Nawa mikono kabla ya kupiga, hasa kama umetoka kula chipsi. Mafuta ya chipsi na gitaa haviivi chungu kimoja.

Wengi huniuliza kuhusu kuchemsha nyuzi. Wazee wa bendi walifanya sana, hasa wapiga besi, maana seti ya besi ni ghali. Ukweli ni kwamba inasaidia. Maji ya moto yanatoa uchafu na mafuta yaliyojificha kwenye mizunguko ya uzi, na sauti inarudi kidogo. Chemsha dakika chache, kausha kabisa, funga. Lakini usitegemee muujiza: kutu haichemkiki, na uzi uliochoka utachoka tena baada ya siku chache. Ni njia ya kuvukia kwenye shoo ya Jumamosi.

Na ile ya kuchambua waya wa breki ya baiskeli? Nawaheshimu sana waliojifunzia hivyo, ni historia yetu. Lakini kwa gitaa la umeme acha. Hujui waya ule unavuta kwa nguvu kiasi gani, na shingo ikipinda utalia.

Ukienda dukani kununua, usiseme tu "nipe nyuzi za gitaa". Angalia namba. Seti nyepesi ya gitaa la umeme huanza na 9 na kuishia 42, ya wastani 10 hadi 46. Hizo ni elfu za inchi. Nyepesi ni laini kwa vidole, nene kidogo hukaa vizuri kwenye tyuni na sauti yake ina mwili. Ukishachagua, baki hapo hapo, maana ukibadili unene unabadili na mvuto wa shingo.

Unapofunga, toa uzi mmoja, weka mmoja. Mizunguko miwili au mitatu inatosha kwenye mhimili, ikishuka chini bila kupandana. Kisha shika uzi katikati, uvute taratibu kama upinde, tyuni tena, vuta tena, mpaka uache kushuka. Uzi mpya usiovutwa ndio unaokuaibisha kwenye wimbo wa pili.

PENSELI INAYOTIBU TYUNI

Sasa penseli yetu. Kwenye makutano ya shingo na kichwa cha gitaa kuna kijipande cha plastiki au mfupa chenye vijifereji sita. Ukikaza uzi ukasikia "tinki!", basi uzi umenasa mle. Unakaza, hauendi, halafu ghafla unaruka kupita unapotaka. Watu wanalaumu masikio ya kukazia, wananunua mengine, tatizo liko pale pale.

Legeza uzi, utoe kwenye kifereji, chora mle ndani kwa ncha ya penseli laini, 2B ikipatikana. Unga ule mweusi ni kilainishi kikavu kizuri ajabu. Rudisha uzi, tyuni. Kazi imekwisha.

Na unapotyuni, siku zote malizia kwa kupandisha. Uzi ukizidi, ushushe chini ya sauti unayoitaka kisha upandishe taratibu, ili usibaki na ulegevu wa kuteleza baadaye. Programu za kutyuni ziko kwenye simu siku hizi, nyingine za bure, kwa hiyo hakuna kisingizio. Hakikisha tu imewekwa kwenye A ya hezi 440, na bendi nzima itumie hiyo hiyo. Isiwe mpiga solo katyuni kwa simu na mpiga besi kwa kinanda cha kanisani kilichochoka!

Je, nyuzi zikipigwa wazi ziko sawa lakini ukipanda juu ya shingo zinalia vibaya? Hapo urefu wa uzi ndio haujakaa. Gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 uupige, utatoa sauti ile ya kengele. Sasa bonyeza hiyo hiyo freti ya 12 na upige. Sauti hizo mbili zinatakiwa kufanana. Kama ile ya kubonyeza iko juu, rudisha kitandiko cha uzi huo pale kwenye daraja kwa bisibisi, kiende mbali na shingo. Kama iko chini, kisogeze kuelekea shingo. Tyuni upya, rudia. Fanya hivyo na nyuzi mpya tu, maana za zamani hudanganya.

SHINGO INA NONDO, USICHEZE NAYO

Ndani ya shingo za magitaa mengi ya umeme kuna nondo nyembamba ya chuma inayopambana na mvuto wa nyuzi. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na mwili, kwa wakati mmoja. Tazama katikati, kama freti ya 7: kuwe na mwanya mdogo sana, unene wa kadi ya biashara au pungufu. Mwanya ukiwa mkubwa, shingo imejikunja mbele na nondo inahitaji kukazwa. Pasipo mwanya kabisa na nyuzi zinakwaruza freti, nondo inahitaji kulegezwa.

Unatumia spana ya L inayokaa sawasawa, na unazungusha robo mzunguko tu. Tyuni, subiri, pima tena. Ikigoma, usiilazimishe, mpelekee anayejua. Nondo ikikatika, gharama yake inaweza kuzidi bei ya gitaa lenyewe.

Na jamani, msiache gitaa ndani ya gari lililopaki juani! Gundi inalegea, daraja la gitaa kavu linabanduka. Mtoto humwachi mle, na gitaa usiliache.

KRRR... KRRR... NI NINI HIYO?

Asilimia kubwa ya "gitaa bovu" ni sehemu tatu: waya, soketi ya jeki na nobu za sauti. Tafuta mchawi kwa utaratibu. Kwanza badili waya. Kelele ikiisha, mchawi ni waya. Ikiendelea, tikisa jeki kwenye gitaa. Ikikatika-katika, soketi imelegea. Kaza nati yake ya nje, lakini shikilia soketi isizunguke na wewe, maana huko ndani nyaya zitajisokota na kukatika. Kama kwaruzo linatokea ukizungusha nobu tu, ni vumbi. Nunua dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi za umeme, ile ya mafundi redio, puliza kidogo ndani ya nobu kisha izungushe mbele na nyuma mara 20 au 30. Usitumie mafuta ya cherehani wala yale ya kulainisha bawaba, utakaribisha vumbi jingine.

Waya nao unataka heshima. Usiuzungushe kwenye kiwiko kama kamba ya ng'ombe. Uukunje duara kubwa, ufuate unavyotaka wenyewe. Usiuvute kwa kushika waya, shika jeki. Na usinunue mrefu kupita kiasi kwa ajili ya kutesa jukwaani: gitaa la kawaida lisilo na betri, waya ukiwa mrefu sana, sauti kali zinapotea njiani. Mita 5 au 6 zinatosha.

AMPU SI MEZA YA BIA

Nimeona chupa za bia, sahani za kuku na hata mtoto amekalishwa juu ya ampu. Jamani! Kinywaji kikimwagika kinaingia kwenye matundu ya juu na kwenda moja kwa moja kwenye umeme. Matundu yale ni ya kupumulia, kwa hiyo usiyafunike kwa kitambaa cha mapambo cha watu wa ukumbi, wala usibandike mgongo wa ampu ukutani.

Fyuzi ikiungua, weka yenye namba ile ile. Ule mtindo wa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ni kuua chombo. Fyuzi iliungua kwa sababu kuna tatizo. Ukiziba njia ya kukata, kinachofuata kuungua ni transfoma.

Kama una ampu ya valvu, zile taa za kioo zinazowaka mle ndani, shika mawili. La kwanza, usiiwashe ikafanya kazi bila spika kuunganishwa, unaweza kuichoma transfoma ya kutolea sauti. La pili, usiifungue, hata kama umeichomoa ukutani. Kapasita za ndani hutunza umeme wa volti mia kadhaa hata baada ya kuchomoa. Hiyo ni kazi ya fundi anayejua kuzimaliza nguvu.

Ampu ya transista haina makuu hayo, ila isome mgongoni. Imeandikwa spika isiwe chini ya omu ngapi? Kama ni 4, spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba zinakuwa 4, sawa. Ukiongeza ya tatu umeshuka chini ya kiwango, na moshi utakuonyesha njia.

Halafu kuna ampu za kutumiwa na binamu aliye ughaibuni. Kabla hujachomeka, soma volti! Marekani wanatumia 120, Japani 100, sisi 230. Ukiichomeka moja kwa moja utasikia "pu!" na harufu. Tafuta transfoma ya kushushia umeme, yenye uwezo wa wati zaidi ya zile ampu inazokula. Na umeme ukikatika katikati ya shoo, zima ampu papo hapo. Ukirudi, subiri dakika chache utulie ndipo uwashe.

UMEME HAUNA UTANI

Hapa naomba uache kutabasamu. Nyuzi za gitaa la umeme zimeunganishwa kwa waya hadi kwenye bodi ya chuma ya ampu. Ndiyo maana mvumo unapungua ukizigusa, jambo la kawaida kabisa. Lakini maana yake pia ni hii: bodi ya ampu ikipata umeme kwa hitilafu, na ethi haipo, nyuzi nazo zina umeme. Mkono wako uko kwenye nyuzi. Mdomo wako unakwenda kwenye maiki, ambayo imepata ethi yake kupitia miksa. Daraja ni wewe.

Si hadithi za kutisha watoto. Tarehe 3 Mei 1972 mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows aliuawa na umeme jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kushika maiki isiyokuwa na ethi. Mei 1976 Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa The Yardbirds, alikufa nyumbani kwake akipiga gitaa la umeme ambalo mfumo wake haukuwa na ethi nzuri. Hao walikuwa watu wenye majina, wenye vyombo vya maana.

Kwetu nimeshuhudia mwenyewe, kwenye harusi moja, mpiga solo akirushwa nyuma mpaka kwenye ngoma baada ya mdomo kugusa maiki. Alipona, lakini mkono ulimtetemeka usiku mzima. Tulipokagua tukakuta mtindo wetu ule ule: plagi ya miguu miwili imesukumizwa kwenye soketi ya matundu matatu, kile kitundu cha juu kimefunguliwa kwa mrija wa kalamu. Kitundu hicho cha juu ndicho ethi! Mguu ule mrefu wa plagi haukuwekwa kwa urembo. Na wako mafundi wanaoukata waya wa kijani na njano "ili kuondoa mvumo". Mvumo unaondoka, na wewe unaweza kuondoka nao.

Kwa hiyo fanya hivi. Ampu na miksa vichomekwe upande mmoja wa umeme, kwenye ekstensheni nzima yenye ethi. Kabla ya shoo, mtu mwenye mita aiweke kwenye volti za AC, ncha moja kwenye nyuzi, nyingine kwenye wavu wa maiki. Ikisoma karibu na sifuri, piga. Ikisoma makumi ya volti, hakuna shoo mpaka ipatikane sababu, hata bwana harusi akinuna. Kama bendi ina akiba, nunueni kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampia 30. Ni bei ndogo kuliko jeneza.

TONI TAMU BILA KUKOPA

Tumalizie kwa raha. Weka nobu zote za besi, midi na trebo zikitazama saa sita, yaani juu katikati. Hapo ndipo pa kuanzia. Chumbani utapenda kushusha midi na kupandisha besi na trebo, inasikika tamu kama redio. Ukienda na bendi, unapotea! Besi imekaliwa na gitaa la besi na ngoma kubwa, juu kabisa kuna matoazi. Nyumba ya gitaa ni katikati. Pandisha midi mpaka saa nane, shusha besi mpaka saa nne, na utasikika bila kuongeza sauti.

Mkiwa magitaa mawili, gawaneni. Wa solo atumie pikapu ya karibu na daraja, kali na yenye makali ya kuchoma. Wa ridhim ahamie pikapu ya katikati au ya shingoni, sauti nene. Mkitumia zote mbili sauti moja, mtabaki kushindana kuongeza volumu, na mwimbaji atapoteza koo.

Ampu usiiweke sakafuni ikapiga magoti yako. Iinue juu ya kiti imara au iegemeze itazame masikio yako. Sauti kali husafiri kama mwanga wa tochi, zinanyooka tu. Wewe huzisikii, unaongeza trebo, na waliokaa mbele wanaziba masikio.

Pikapu nazo zisikaribie nyuzi mno. Zina sumaku, zikiwa karibu sana zinazivuta na sauti inayumba. Bonyeza freti ya mwisho, acha milimita 2 hadi 3, halafu sikiliza.

Na usidanganywe na wati. Ampu ya wati 100 haina sauti mara mbili ya ile ya 50, imeizidi kidogo tu. Ili sikio lako lihisi sauti imekuwa maradufu unahitaji karibu wati mara kumi. Kwa hiyo hela ya wati nunulia spika nzuri.

Zaidi ya yote, toni iko kwenye vidole. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda huko Katanga. Kijana, gitaa kavu moja, kidole gumba na cha shahada. Hakuna ampu, hakuna kibati cha kukanyaga. Mpaka leo wapiga gitaa wa dunia nzima wanaumiza vichwa kumfuata.

MFUKO WA SHOO

Kata kipande hiki ubandike ndani ya kasha la gitaa: seti moja ya nyuzi, waya wa akiba, kitambaa, penseli, bisibisi mbili, spana ya L, fyuzi za namba sahihi, dawa ya swichi, betri ya volti 9 kama unatumia vibati, na tochi. Vyote vinaingia kwenye mfuko mdogo, na siku mwenzako atakapokatikiwa uzi katikati ya wimbo, wewe ndiye utakayeitwa bosi.

Haya, kamateni magitaa yenu, pigeni kitu. Wiki ijayo zamu ya wapiga ngoma: ngozi inalegea, unakaza wapi kwanza? Tuonane!